Mtae si Mtaa

Siku ya kwanza, Jumatatu: Dar es Salaam hadi Soni

Kitambulisho cha bibi yangu kinasema amezaliwa Mtaa. Bibi, mama yake mama, amezaliwa Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya milima ya Usambara, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na mbele yako inabaki hewa tupu mpaka nyikani. Siku anaandikishwa, karani alimsikia vizuri, ila akamwona ni kizee wa milimani anayekosea Kiswahili, akamsahihishia. Bibi hasomi. Aliweka dole gumba, akarudi nyumbani na kadi yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mtaa wa nani?"

Swali hilo nimelibeba miaka minne. Likizo hii ya Juni nimeamua kupanda mwenyewe, polepole, na kila ninapolala niulize: hapa panaitwaje, na nani alipaita hivyo? Bibi hawezi tena milima, magoti yamekataa. Amenipa agizo moja tu: "Ukifika Mtae usiondoke kabla ya usiku. Mchana utaona mandhari, basi."

Basi limetoka Dar saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii sikulala. Nilikuwa nasoma vibao. Huku chini majina mengi yanamweleza mpita njia alichokutana nacho: Michungwani kabla ya Segera, Makuyuni baada ya Korogwe. Mtu alipumzika chini ya mti, akataja mti, na wa nyuma yake akataja vivyo hivyo. Pembeni ya Korogwe kuna Kwashemshi, na hapo jina ni la mwenyeji, kwa Shemshi. Ile "She" ya mwanzo ndiyo ile ya akina Shemdoe na Shekifu tuliosoma nao, na ukiisikia popote nchini unajua mwenye jina ana asili ya Tanga.

Mombo tumeshuka saa nane mchana, jua limetuwakia kichwani. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, ikakaa kwanza, kisha ikasogea kuelekea Moshi. Nikaingia kosta ya Lushoto. Konda alikuwa akiita kila mwanamume "mgosi", neno la Kishambaa la mwanamume, ambalo sasa limekuwa jina la utani la watu wote wa Tanga. Nilikaa na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa mapajani. Gari lilipoanza kupinda kwenye korongo, masikio yangu yakaziba. Yeye akafungua mkoba, akatoa sweta, akavaa bila haraka, akafunga vifungo vyote.

"Baridi bado, mama," nikamwambia.

"Ndiyo tunaingia Shambaai, mwanangu. Sweta huvaliwa hapa."

Nilikuwa nimelisoma neno hilo, ila sikuwahi kumsikia mtu akilitumia kama mpaka. Kwa Mshambaa wa zamani nchi zilikuwa mbili: Shambaai na nyika. Nyika ni chini, kwenye miiba, joto na homa. Shambaai ni juu, kwenye ubaridi, migomba na mvua ya uhakika. Halikuwa jina la mkoa wala wilaya. Lilitaja hali ya ardhi, kwamba hapa mimea yetu inaota, na watu wakajiita kwa ardhi hiyo. Ile "i" ya mwisho ni ndugu wa "ni" yetu ya nyumbani na shambani. Mfalme wao mkuu aliyefariki mwaka 1862 anaitwa mpaka leo Kimweri ye Nyumbai, yaani Kimweri wa nyumbani. Ukishausikia mkia huo mara moja, unausikia kila mahali: Mazumbai, Balangai, Mwangoi. Na Mbuzii, ambayo masikio yangu hayakuhitaji mkalimani.

Ndimi za pwani zikaichukua Shambala, namna nyingine ya kutamka Shambaa, "sh" ikawa "s", "l" ikawa "r", ikatoka Usambara. Wajerumani wakaiandika hivyo kwenye ramani, na ramani haikurudi kuuliza. Jambo linalonigusa ni kwamba jina hili lililopinda limesafiri kuliko Mshambaa yeyote. Kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya milima hii. Lilipelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 wataalamu wa mimea wakalipa jina la ukoo wa ofisa aliyelipeleka, Saintpaulia. Lakini Mjerumani wa kawaida anayelimwagilia dirishani kwake analiita Usambaraveilchen. Kila siku huko mbali kuna mtu anayeitaja Usambara, wala hajui kama ni mahali penye watu.

Nimelala Soni, karibu na maporomoko. Usiku kucha maji yananguruma.

Siku ya pili, Jumanne: Vugha

Leo ni gulio Soni. Asubuhi nimepita katikati ya masado ya pichi, matenga ya kabichi na mafungu ya ndizi, nikatafuta bodaboda wa kunipeleka Vugha. Kijana aliyenichukua alishangaa. Wageni, alisema, huwa wanaomba kupelekwa kwenye maporomoko.

Vugha ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Washambaa, wa ukoo wa Kilindi. Mmisionari Krapf alifika hapa mwaka 1848 na tena mwaka 1852 kumwona Kimweri. Leo ni kijiji kwenye kilima chenye ukungu, migomba, kahawa na nyumba za matofali. Nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani, koti zito, kofia ya kusokotwa, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam. Nimekuja kuuliza habari za Vuga."

Akaacha maharage. "Habari za wapi?"

"Vuga."

"Umeimeza gha. Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akatikisa kichwa. Akaniambia niipeleke nyuma kabisa kooni, kama kwenye ghala, kama kwenye ghafla. Nilirudia mara nne, tano, huku mjukuu wake wa kike akicheka mlangoni kwa furaha tu, mpaka mzee akaitikia, "Ee. Sasa umefika." Ndipo akasogeza kigoda nikae. Nimelitafakari jambo hilo siku nzima. Kwenye kibao na kwenye karatasi ni Vuga, bila "h", na anayeijua kwa kusoma tu ataitamka vibaya maisha yake yote. Alichonifanyia mzee yule ndicho ambacho karani alitakiwa kumfanyia bibi: kumwomba arudie.

Habari za Mbegha, mwanzilishi wa ufalme huo, alizonipa nilikuwa nazijua kwa juu juu, ila kuzisikia kwenye kilima chenyewe ni kitu kingine. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Kilindi, huko Unguu, kusini-magharibi mwa milima hii. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo aliogopwa. Aliponusurika na kukua, ndugu zake walimnyima haki yake wakamtenga. Akaondoka na mbwa wake, akawinda nguruwe mwitu waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, akapanda huku. Alikuwa akiwapa watu nyama, nao wanampa chakula cha shambani. Alipofika Vugha akaua simba usiku, na watu wakamkabidhi nchi. Ndiyo maana mfalme aliitwa Simba Mwene.

Hapo nikamuuliza mzee kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua. Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu kilindi ni kina kirefu cha bahari. Imekuwaje watawala wa milimani wakaitwa Wakilindi?

"Huko Unguu hakuna bahari," akasema. "Kilindi ni kwao. Mtu akihama anaitwa kwa alikotoka. Wewe huku unaitwa mtu wa Dar, hata ukikaa miaka hamsini."

Mbegha alikataliwa Kilindi, na kizazi chake chote kikatawala milima hii kwa jina la mahali palipomkataa. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeona uzito wa jambo hilo, lakini mimi nililala nalo.

Mzee alinieleza pia kwamba mfalme hakuhukumiwa kwa wingi wa ng'ombe wala askari. Swali lilikuwa moja: nchi inapona au inaharibika? Kwa Kishambaa nchi, ardhi yenyewe, ni shi. Mfalme mwenye nguvu huiponya, kuzifya shi, mvua inanyesha na watoto wanashiba. Wakuu wakigombana wanaiharibu, kubana shi, na njaa inaingia. Baada ya Kimweri kufariki wanawe na wajukuu walipigana miaka mingi, na wazee wanaitaja miaka ile kwa neno hilo la pili. Upande wa pili wa bonde alinionyesha mwelekeo wa Bumbuli. Mrithi wa kiti alikuwa akitawala huko kwanza. Kwa hiyo kumtaja mtu kuwa yuko Bumbuli ilitosha. Kila aliyesikia alielewa nani anafuata.

Nilirudi Soni kabla ya giza na mfuko wa unga wa mahindi wa kumpelekea bibi. Mzee hakukubali niondoke mikono mitupu.

Siku ya tatu, Jumatano: Sakharani

Shamba la Sakharani liko mlimani karibu na Soni, ni la watawa Wabenedikto, kuna makadamia, mizabibu na misitu ya kupandwa. Nimeenda kwa ajili ya jina. Mtu wa pwani akilisikia anashtuka, maana sakarani ni aliyelewa, mtu ambaye akili imemtoka kwa kileo.

Aliyelileta hapa ni Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyepigana vita vingi vya kuiteka nchi hii, vikiwemo vya Uhehe dhidi ya Mkwawa. Watu waliomshuhudia vitani wakamwita Bwana Sakarani: alipokuwa anashambulia alionekana kama mlevi, hajali risasi wala mauti. Alipoacha jeshi akaja kulima Usambara na mkewe Magdalene, na shamba likachukua jina la utani. Alikufa tarehe 4 Novemba 1914 kwenye mapigano ya Tanga, Waingereza walipojaribu kuuteka mji.

Nimekaa kwenye nyasi nikifikiria. Jina lake la ubini, la kizungu na la cheo, halijabaki kwenye kilima chochote hapa. Lililobaki ni lile alilopewa na watu wenye bunduki za kuazimwa na mizigo kichwani, kwa Kiswahili, kutokana na walichokiona kwa macho yao. Wengine watasema ni utani. Mimi nalisikia kama ushahidi. Watu wa wakati ule hawakuwa na gazeti wala mahakama ya kumshtaki, lakini walimpa jina, na kila anayeuliza njia ya kwenda Sakharani anautamka ushahidi huo.

Jioni nikapanda gari la Lushoto.

Siku ya nne, Alhamisi: Lushoto

Baridi ya Lushoto asubuhi inauma vidole. Ni siku ya gulio, na nimeamka mapema kuona magari yakishusha mizigo: karoti zimeoshwa zinang'aa, pilipili hoho, matunda damu, na maua yamefungwa kwenye magazeti.

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Waliupenda kwa hali ya hewa, wakajenga boma, nyumba za kupumzikia na barabara zenye miti mikubwa. Barua na ramani zilikuwa na jina hilo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia, na jina likaondoka na wenyewe. Leo nimewauliza watu kumi na mmoja sokoni kama wanajua Wilhelmsthal ni wapi. Tisa hawajawahi kulisikia. Mmoja alidhani ni hospitali. Wa mwisho, fundi cherehani mwenye mvi, alisema babu yake alikuwa analijua, "lakini hata yeye akitutuma dukani alisema nenda Lushoto."

Hilo ndilo nililotaka kulisikia. Jina la kupewa na dola lilikaa kwenye karatasi. Majumbani watu waliendelea na lao.

Lakini haki isemwe: si kila jina la Kijerumani limepotea. Nje kidogo ya mji kuna bonde linaloitwa Jägertal mpaka leo, na wenyeji wamelilainisha kwa ulimi wao hadi Mjerumani angelazimika kusikiliza mara mbili. Maana yake ni bonde la mwindaji. Nimekaa na hilo pia. Wageni walikuja kuweka jina la mwindaji kwenye milima ambayo kwa zaidi ya karne moja kabla yao ilikuwa na ufalme ulioanzishwa na mwindaji. Huenda ndiyo maana limekaa. Ni dhana yangu, silazimishi mtu.

Mchana nimekula makande kwa mama lishe pembeni ya stendi. Nilipomwambia natafuta asili za majina, akaacha mwiko. Kwao ni Kwemashai. Akanifafanulia kwamba "Kwe" ni penye, ni kwenye, na kwamba anaudhika mjini watu wakimsahihisha kuwa ni "Kwa Mashai", kana kwamba Mashai ni mtu.

"Wewe mwalimu, waambie," akasema.

Nimeshakuambia wewe unayesoma.

Siku ya tano, Ijumaa: Irente

Nimetembea kwa miguu hadi Irente, saa moja na nusu kwa mwendo wangu. Ukisimama kwenye jabali unaiona Mazinde huko chini, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari. Mazinde ndiko Semboja, mtoto wa Kimweri, alikoweka makao yake karibu na njia ya misafara, wakati Vugha ilipoanza kunyauka kwa sababu biashara ya pembe na bunduki ilikuwa inapita nyikani. Na huku milimani kuna Mazinde Juu. Jina moja, hali ya hewa mbili. Mwanamke aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe aliniambia huku wakisema Mazinde bila neno la pili wanamaanisha ya chini, maana ndiyo yenye stesheni na barabara.

Miguu inauma. Nimelala mapema.

Siku ya sita, Jumamosi: Shume, Malindi, Mlalo

Noah ya abiria saba ilibeba kumi na mmoja. Tumepita msitu wa Magamba kwenye ukungu mzito, taa zimewashwa saa tatu asubuhi, unyevu unadondoka kutoka kwenye matawi.

Shume nimepita tu, lakini niiandike. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na kiwanda cha mbao walichokiita Neu-Hornow, na kutoka huko walijenga waya wa angani wa kuteremshia magogo ya mwangati hadi Mkumbara, kwenye reli. Hebu fikiria: mti wa miaka mingi unaninginia hewani juu ya genge, unashuka kwenda kupanda meli. Waya umeondoka, Neu-Hornow imeondoka, Shume ipo na inauza viazi.

Kuna na Malindi huku. Abiria mwenzangu, kijana anayesomea Mombasa, alisema kila akiwaambia wenzake anatoka Malindi wanamuuliza habari za samaki. Akawa analalamika kwa uchungu kabisa. Nikamwambia awaambie kuna lindi za baharini na lindi za ardhini, maana mabonde tuliyokuwa tunayapita dirishani yalikuwa na vina vya kutosha.

Mlalo imenipendeza kuliko nilivyotarajia. Mji umekaa kwenye bakuli la milima, nyumba za udongo na za matofali zenye roshani za mbao zimepandana, mto chini, ngazi za mashamba pande zote. Wamisionari wa Kijerumani walianza kazi hapa mwaka 1891, na misheni yao waliiita Hohenfriedeberg, jina lenye amani na mlima ndani yake. Nadhani walikuwa na nia njema. Lakini kanisani leo nimemuuliza mama mzee anayepanga maua altareni, naye akasema hapa ni Mlalo, na hata kabla kengele haijaletwa palikuwa Mlalo.

Mashamba yanahitaji maneno zaidi. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo kwenye bonde la Mlalo. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, asiyechimba anatozwa faini. Wanawake ndio waliobeba jembe zaidi. Chuki ikapanda mpaka mpango ukaanguka miaka ya 1950, kabla ya uhuru. Bibi alikuwa msichana wakati huo. Ukimtajia neno tuta, hata la barabarani la kupunguza mwendo, anakunja uso. Hapa Mlalo nimemwona mzee mmoja akielekeza mgeni njia: "Shuka mpaka kwenye matuta, kata kushoto." Mahali pale hapana tuta lolote tena, ni uwanja wa mpira. Lakini wote wawili walielewana.

Siku ya saba, Jumapili: Mtae

Kutoka Mlalo nimepanda lori la kabichi mpaka njia panda, kisha bodaboda. Barabara inafuata mgongo wa mlima, na kadiri unavyokwenda mgongo unazidi kuwa mwembamba, mpaka nyumba za kushoto zinaiona nyika moja na za kulia nyingine. Nikaona kibao cha shule. MTAE, herufi kubwa, rangi ya bluu. Nikamwomba kijana asimamishe pikipiki. Nilipiga picha tatu, moja nimesimama nayo mwenyewe. Nitaipeleka kwenye ile ofisi.

Mjomba alikuwa ananisubiri njiani na mwavuli ingawa hakukuwa na mvua. Ana miaka zaidi ya sabini, ni mdogo wa mwisho wa bibi, na kwa haki ningemwita babu, ila toka utoto tunamwita mjomba kwa sababu mama alimwita hivyo. Alinishika mikono yote miwili, akauliza kwanza magoti ya bibi, kisha safari, kisha kama nimekula.

Mchana niliona mandhari. Bibi alisema kweli. Genge linaanguka miguuni mwako, nyika ya Mkomazi imetandazwa kama ngozi kavu, Upare umekaa mbele kwa rangi ya majivu. Ni pazuri kiasi cha kumnyamazisha mtu, lakini halikuwa jibu.

Tulikula ugali na maharage, tukaota moto. Saa mbili usiku mjomba akachukua koti, akaniita mimi na mjukuu wake wa darasa la pili. Ukungu ulikuwa umeondoka. Tukaenda kwa tochi hadi kwenye jiwe moja nyuma ya nyumba, jiwe limelainika kwa makalio ya watu. Akazima tochi.

Chini kulikuwa na giza, na kwenye giza kulikuwa na nuru ndogo ndogo.

"Bibi yako alikuwa anakaa hapo ulipokaa," akasema. "Na mama yake kabla yake. Zamani Wamasai walikuwa wakija kutafuta ng'ombe, wakipiga kambi huko nyikani. Usiku wanawasha moto. Watu wa hapa wanakaa hapa, wanahesabu moto. Ikiwa michache, watu wanalala. Ikiwa mingi, wanaamsha nchi nzima, ng'ombe wanafichwa. Mtae ni hapa pa kuhesabia."

Nilikaa kimya. Kumbe karani alifuta kazi nzima. Alifuta usiku kucha wa watu waliokesha na baridi hii ili wenzao walale, akaweka mtaa.

Mtoto alikuwa ameshaanza, kidole mbele, anahesabu kwa sauti kama wimbo wa shuleni. Aliishia thelathini na nne. Mimi nikapata ishirini na tisa. Tukabishana. Nikatembea hatua kadhaa kutafuta mtandao, nikampigia bibi.

"Uko kwenye jiwe?" aliniuliza kabla sijasalimu.

"Niko kwenye jiwe, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ngapi?"

Nikamweleza kwamba mtoto ana thelathini na nne na mimi ishirini na tisa, na kwamba nyingine ni malori ya barabara kuu, yanatembea, ndiyo maana hesabu inapotea.

"Uliotulia ni kambi," akasema. "Unaotembea ni mtu anakuja. Hivyo vinahesabiwa mbalimbali. Anza upya."

Nikarudi kwenye jiwe, nikamweka simu mtoto sikioni amsikie, tukaanza upya, upande wa kushoto kwanza.